KWA MAMA WA NYUMBANI: Chai, Kutu ya Mwili na Damu ya Mama



Juma hili nina barua ya mama mmoja wa kijijini, nami sikuweza kuiweka kando pamoja na nyingine. Kwa ufupi aeleza hivi. Mkaza mwanawe ana mimba ya miezi sita, ndiyo ya kwanza. Huko kliniki walimpima damu wakakuta ni 9, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Mama huyu ni mtu mwangalifu, akaamua kusimamia dawa yeye mwenyewe. Kila asubuhi humpa binti kidonge pamoja na bilauri kubwa ya chai ya rangi, nzito, kwa sababu mbili: kwanza maji matupu yamchefua, na pili amesikia ya kwamba chai husafisha damu na kuondoa sumu mwilini. Mwezi wa pili wakarudi kliniki. Damu bado ni 9. Muuguzi akamtazama binti kama mtu asiyemeza dawa zake, naye binti akalia njia nzima mpaka nyumbani. "Nami najua anameza," mama aandika, "maana nasimama mbele yake. Je, vidonge ni vibovu?"

Mama yangu, vidonge si vibovu, wala binti si mwongo. Yaelekea sana kosa limo ndani ya ile bilauri. Lakini usijilaumu upesi, kwa maana hayo uliyoyasikia juu ya chai si uongo mtupu. Yana kweli ndani yake, ila yamekatwa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayomhusu mwanamke kuliko mtu mwingine yeyote.

Tuanze na ile kweli. Mwili wetu waishi kwa hewa ya oksijeni tunayoivuta. Hewa hiyo ndiyo inayounguza chakula ndani yetu kama moto wa jikoni, tukapata nguvu na joto. Lakini hakuna moto usiotoa cheche. Katika kazi hiyo vyazaliwa viini vikorofi, ambavyo wataalamu huviita radikali huru, navyo hugusa na kuharibu vilivyo karibu: mafuta ya mwili, kuta za mishipa, hata mbegu ya uhai iliyo katikati ya kila chembe. Kata ndizi mbivu uiache wazi mezani, utaona inageuka nyeusi. Hiyo ni kazi ya oksijeni. Jembe lililoachwa nje kwenye umande lashika kutu. Ni oksijeni tena. Mwili wenye afya una walinzi wake wa kuzima cheche hizo. Cheche zikizidi walinzi, hapo ndipo wataalamu husema mwili umeelemewa, nasi hapa tutasema kwa lugha ya nyumbani kwamba mwili unashika kutu. Mimba yenyewe huongeza kazi hiyo, kwa kuwa mama avuta hewa na kuunguza chakula kwa ajili ya watu wawili.

Sasa, jani la chai lina vitu viitwavyo polifenoli, ambavyo katika chupa za maabara huzima cheche hizo vizuri sana. Wale mlio karibu na mashamba ya Rungwe, Mufindi, Lushoto au Kericho mwajua jinsi jani linavyotengenezwa. Huchumwa bichi, hunyaushwa, hukatwakatwa, kisha huachwa hewani mpaka linageuka rangi ya shaba, ndipo likaushwe. Watu husema chai inachachuka, ingawa hakuna chachu yoyote ndani yake. Ni ile ile oksijeni inayofanya kazi kwenye jani kama kwenye ndizi yako. Chai ya kijani ni jani lile lile, ila hupashwa moto mara baada ya kuchumwa ili oksijeni isipate nafasi. Ndiyo maana wauzaji huisifu zaidi. Hata hivyo chai nyeusi nayo yabaki na polifenoli nyingi, na bei yake ndiyo tunayoiweza.

Je, yaliyo kweli ndani ya chupa ni kweli ndani ya mama? Hapa yatupasa kwenda polepole. Sehemu kubwa ya polifenoli hizo haiingii katika damu. Yapita tumboni na kutoka. Katika Uingereza, ambako watu hunywa chai kama sisi tunavyokula ugali, walifuatwa watu karibu nusu milioni kwa miaka mingi, na mwaka 1922, la, nisahihishe kalamu yangu, 2022, ikatangazwa kwamba wale wanaokunywa vikombe viwili au zaidi kwa siku walikufa wachache kidogo kuliko wasiokunywa, kwa kadiri ya asilimia 9 hadi 13. Ni habari njema, wala sitaipuuza. Lakini kuwatazama watu wanywao chai si sawa na kuthibitisha kwamba chai ndiyo iliyowaokoa. Huenda mnywaji wa chai ana mambo mengine mema nyumbani kwake.

Tena msidhani kila kizuia kutu chafaa kwa wingi wowote. Mwaka 1994 huko Finland walitoa hesabu ya wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000. Baadhi yao walipewa vidonge vya beta-karotini, kitu kile kile kilicho katika karoti na kinachosifiwa kwa kuzuia kutu. Walitazamia saratani ya mapafu ipungue. Ikaongezeka. Na mwaka 2018 wakaguzi wa chakula wa Ulaya walionya kwamba vidonge vya chai ya kijani iliyokamuliwa, vikiliwa kwa wingi, vyaweza kuumiza ini. Basi akija mtu mnadani na pakiti ya unga wa majani ya kusafisha damu ya akina mama, naye aitaka pesa ya kununua kuku wawili, mwambie hujambo, umpite, ukanunue kuku.

Sasa tuje kwenye ile nusu iliyokatwa.

Katika chai mna tanini. Mama wa pwani atanielewa upesi nikisema ni ndugu ya kile kitu kilicho katika gome la mkandaa, linalotumika kutengenezea ngozi. Ndiyo inayoleta ule ukakasi ulimini chai ikikaa sana jikoni. Tanini na madini ya chuma ni kama mtu na kivuli chake: zikikutana zashikana, wala haziachani tena kwa urahisi. Ukitaka kuona kwa macho, chukua msumari wenye kutu, uutie katika kikombe kikuukuu chenye chai ya rangi nzito iliyopoa, uuache mpaka kesho yake. Utakuta maji meusi kama wino. Nayo kwa kweli ni wino, kwa maana zamani huko Ulaya wino wa kuandikia vitabu ulitengenezwa kwa tanini ya miti pamoja na chumvi ya chuma. (Mwaga maji hayo mbali na watoto, na kikombe usikitumie tena.)

Wino huo ndio unaotengenezwa tumboni mwa binti kila asubuhi. Kidonge cha damu ni chuma. Chai yakikamata kabla utumbo haujapata nafasi ya kukinyonya, na sehemu kubwa ya dawa yatoka nje bila faida. Serikali imenunua dawa, muuguzi ameigawa, mama mkwe amesimamia, binti amemeza na kichefuchefu juu, na chai ikachukua yote mbele ya macho yenu.

Wala si kidonge tu. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika ya Kusini walichapisha majaribio yao. Waliwapa watu mkate, na wali pamoja na supu ya viazi na vitunguu, mara kwa maji, mara kwa chai, wakapima chuma kilichoingia mwilini. Pamoja na chai kiliingia kidogo sana. Wengine huko Ulaya walijaribu tena mwaka 1999 wakaona hivyo hivyo, tena wakaona kwamba kutia maziwa hakusaidii kitu cha maana. Nayasema hayo kwa ajili ya wale watakaosema, "Sisi twanywa ya maziwa, hiyo si habari yetu." Ni habari yenu pia. Na kahawa ni ndugu yake katika jambo hili, wasomaji wa Bukoba na Moshi wasinicheke.

Tofauti ipo katika aina ya chakula. Chuma kilicho katika nyama, samaki, dagaa na maini kimefungwa kwa namna yake, nacho hakikamatwi hivyo na chai. Chuma cha maharagwe, mchicha, kisamvu, matembele, mtama na mahindi ndicho kinachokamatwa. Waona basi neno hili linamwangukia nani. Tajiri mwenye nyama kila siku aweza kunywa chai yake na asidhurike sana. Mama wa kijijini anayekula ugali kwa maharagwe ndiye anayenyang'anywa. Na ndani ya nyumba ile ile, mtanisamehe waume zenu wakisoma ukurasa huu, mara nyingi kipande cha nyama huenda kwa baba, kichwa cha samaki kwa mgeni, na mama akapangusa mchuzi kwa tonge la mwisho. Baba hapotezi damu kila mwezi, wala hajengi mtoto tumboni. Mimba moja humtaka mama chuma karibu gramu moja nzima tangu mwanzo mpaka mwisho. Ni kidogo ukiishika mkononi, haifiki uzito wa punje chache za maharagwe, lakini kuipata kwa mchicha na ugali ni kazi ya miezi. Basi baba anayependa mtoto wake ampe mama kipande kile. Sikusema nusu yake.

Kwamba jambo hili si dogo, tazameni hesabu ya taifa. Katika uchunguzi wa Tanzania wa mwaka 2015 hadi 2016, wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Karibu nusu ya benchi lenu pale kanisani. Kwa mama mjamzito, damu iliyo chini ya 11 yahesabiwa kuwa imepungua. Aliye na damu haba huchoka akipanda kilima kidogo, moyo humwenda mbio, mtoto aweza kuzaliwa mdogo au kabla ya wakati, na siku ya kujifungua, akitokwa na damu nyingi, hana akiba. Hapo ndipo wengi wametutoka. Tumewaimbia misa ya wafu, tukasema ni mapenzi ya Mungu, na mara nyingine ilikuwa ni kilo moja ya dagaa na vidonge vilivyomezwa vibaya.

Sisemi chai peke yake ndiyo inayomaliza damu. Malaria huivunja. Minyoo ya safura huinyonya, hasa kwa wanaolima pekupeku. Mimba zinazofuatana bila kupumzika humwacha mama mkavu. Na kuna udongo, akina mama, ule mnaouficha kwenye pindo la kanga! Wengi mnautamani wakati wa mimba, nami simwaibishi mtu, kwani mara nyingi tamaa hiyo ni dalili ya damu kupungua yenyewe. Lakini udongo nao waweza kukamata chuma kama chai, na tena huleta mayai ya minyoo. Mwambieni muuguzi bila haya.

Haya, tufanye nini na bilauri ile? Tusiivunje. Chai ni faraja ya mwanamke, ni karibu-mgeni, ni kikao baada ya misa ya kwanza, na sitaki kuwa mtu wa kuondoa faraja nyumbani mwa watu. Tuisogeze tu mbali na chakula. Mwaka 2017 huko Uingereza walitangaza jaribio la wanawake 12 waliopewa uji wenye chuma. Waliokunywa chai pamoja na uji, chuma kilichoingia kilipungua kwa asilimia 37. Walipongoja saa moja ndipo wakanywa, upungufu ulikuwa asilimia 18, yaani nusu. Ni watu wachache, nao hawakuwa wajawazito, lakini neno lenyewe lapatana na yale ya kabla yake. Basi saa moja ni kitu. Mimi kwangu ningengoja saa mbili, kwa sababu jikoni hatuna saa ukutani, na saa moja ya mwenye hamu ya chai ni fupi sana.

Kwa binti wa barua hii ningefanya hivi. Kidonge asimeze asubuhi tena. Ameze usiku baada ya chakula cha jioni, na usiku huo chai isiwepo kabisa. Usiku ndipo kichefuchefu hakimsumbui sana, kwa kuwa amelala. Akimeze kwa maji, na akipata chungwa, au maji ya limau, au ukwaju, au ubuyu, ni vema zaidi, kwa sababu ule uchachu wenye vitamini C husaidia chuma kuingia. Ni vivyo hivyo kwa maharagwe na mchicha: kamulia limau juu ya sahani, au weka nyanya mbichi na kipande cha embe kando. Maziwa nayo yasiwe pamoja na kidonge. Choo kikiwa cheusi asiogope. Ni chuma kilichobaki. Akitapika kila mara, asiache dawa kimyakimya, bali arudi aulize, maana huweza kubadilishiwa.

Asubuhi ale uji wake au kiporo chake, afanye kazi kidogo, na saa nne hivi anywe chai yake kwa raha, isiyo nzito, vijiko vya sukari vichache. Na isiwe ya kuunguza. Hilo nalo nataka kulisema, ingawa si la damu. Mwaka 2016 shirika la ulimwengu la kuchunguza saratani lilitamka kwamba vinywaji vya moto kupita digrii 65 yaelekea huleta saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Kilimanjaro walipima watu wakinywa chai, ikachapishwa mwaka 2015: kwa wastani walianza kunywa ikiwa digrii 70. Nasi twajisifu kwamba chai isiyochoma si chai! Iacheni kikombeni mpaka mmalize kusali sala ya kubariki chakula, tena ile ndefu.

Watoto wadogo wasipewe chai kabisa badala ya maziwa ya mama au uji. Miezi sita ya kwanza ni titi tupu. Naona bado huko na huko mtoto wa miezi minne akinyweshwa chai kwa kijiko ili anyamaze. Ananyamaza kweli, kwa sababu tumbo limejaa maji ya rangi.

Neno moja tena juu ya ile kutu tuliyoanza nayo, kwani wengi mtabaki mkitaka kujua chai yaizuia au haiizuii. Ikiwa mwataka kumpunguzia mama kutu ya mwili, mimi ningetazama kwanza dari la jiko, si kikombe. Lile sizi jeusi lililoning'inia mmelivuta pia katika mapafu. Moshi wa kuni huingiza cheche zile mwilini kwa wingi, kila siku, kwa saa tatu au nne, nao humwumiza anayepika na mtoto aliye mgongoni. Kuni zilizokauka, dirisha lililofunguliwa upande wa upepo, jiko lenye bomba la moshi ikiwezekana, hayo yatafanya kazi kubwa kuliko pakiti yoyote ya majani. Kisha matunda na mboga za rangi, ambazo zina vizuia kutu vyao na hazinyang'anyi mtu chuma hivyo.

Na kwa kuwa Kwaresima huwa na maswali yake: mama mjamzito na anayenyonyesha hafungwi na sheria ya kufunga, wala Jumatano ya Majivu wala Ijumaa Kuu. Asishinde kwa chai kavu akidhani amempa Mungu zawadi. Akitaka kujinyima, na ajinyime sukari.

Mama wa barua, nenda na mkaza mwanao kliniki ile ile, tena mkiwa wawili. Mwambie muuguzi habari ya chai, bila ugomvi. Naye akijua, atajua la kuwauliza wengine. Mwombe ampime malaria na minyoo pia, na umwulize kama damu ya 9 katika mwezi wa sita yataka dawa ya nguvu zaidi, maana siku zilizobaki si nyingi. Binti akiona kizunguzungu, au anahema akiwa ameketi, au amevimba uso, msingoje siku ya kliniki, mwende siku hiyo hiyo. Kisha baada ya majuma manne utuandikie hesabu mpya, tuisome hapa.

Juma lijalo nitamjibu yule aliyeuliza kwa nini unga wake wa muhogo una uchungu.